Huru, Huria na Uungwana: Sura Mbili za Uhuru katika Lugha na Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Falsafa ya siasa iliyoandikwa kwa Kiingereza ina maneno mawili, 'liberty' na 'freedom', ambayo Kiswahili huyatafsiri yote mawili kwa neno moja, uhuru. Makala haya yanaonesha kwamba umoja huo wa neno umeficha tofauti ambayo wasemaji wa Kiswahili wameijua kwa muda mrefu, yaani tofauti baina ya kuachwa na bwana na kuwa na nafasi miongoni mwa watu. Ushahidi unatolewa katika historia ya maneno huru, muungwana na huria, katika amri ya kukomesha utumwa Zanzibar ya mwaka 1897, katika Katiba ya Tanzania na katika kazi chache za fasihi.

1.0 Utangulizi

Mfasiri wa matini ya falsafa ya siasa hukwama mapema. Kiingereza humpa maneno mawili, moja likiwa na shina la Kijerumani na jingine likiwa limepitia Kifaransa kutoka Kilatini, naye ana neno moja tu la kuyapokea. Wengi huandika uhuru mara zote mbili na kuendelea na kazi. Hawastahili lawama kubwa, kwa kuwa Kifaransa na Kijerumani navyo vina neno mojamoja, na Isaiah Berlin mwenyewe, katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1958 kuhusu dhana mbili za uhuru, aliyatumia maneno hayo mawili ya Kiingereza kana kwamba ni mamoja. Tofauti aliyoishughulikia haikuwa ya maneno. Ilikuwa baina ya uhuru wa kutoingiliwa na uhuru wa mtu kujitawala.

Wako waliosisitiza kwamba maneno yenyewe yana jambo la kusema. Hanna Pitkin, katika makala yake ya mwaka 1988, aliuliza iwapo maneno hayo ni pacha, na akaona kuwa 'liberty' hubeba zaidi sauti ya sheria, mipaka na haki zinazoweza kuorodheshwa, ilhali 'freedom' ni pana zaidi na humgusa mtu mzima. Kabla yake, Émile Benveniste alikuwa ameonesha kwamba katika lugha za Kihindi-Kiulaya wazo la kuwa huru lilianzia katika kuwa mwana wa ukoo au wa kundi fulani. Neno la Kiingereza lenye maana ya huru lina nasaba moja na neno lenye maana ya rafiki. Aliyekuwa huru, kwa asili, alikuwa mtu wa watu, si mtu aliyejitenga nao.

Jambo hili la mwisho ndilo linalopaswa kumshtua msomaji wa Kiswahili, kwa sababu pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na neno lenye wazo hilohilo, na neno hilo halikuwa uhuru.

2.0 Muungwana na huru

Katika jamii ya miji ya pwani ya karne ya 19, kinyume cha mtumwa kilikuwa muungwana. Muungwana alizaliwa akiwa hana bwana, lakini maana yake haikuishia hapo. Alikuwa na ukoo unaotambulika, mtaa, nyumba, mavazi yanayomstahili, neno linalosikika barazani. Methali isemayo kuwa muungwana akivuliwa nguo huchutama haizungumzii sheria hata kidogo. Inamzungumzia mtu ambaye heshima yake imo machoni pa wenzake, kiasi kwamba hata anapodhulumiwa hujua jinsi ya kujisitiri. Nyingine husema muungwana ni kitendo, yaani hadhi hiyo hudaiwa kila siku kwa mwenendo. Isingesemwa hivyo kuhusu mtu huru.

Huru ni neno la Kiarabu. Katika Kiarabu hurr hubeba maana mbili, ya asiye mtumwa na ya mtu mwema wa tabia na nasaba. Kiswahili kilipolikopa kilichukua zaidi maana ya kwanza. Yaelekea sababu ni kwamba nafasi ya maana ya pili ilikuwa tayari imeshikwa na uungwana. Matokeo yake ni mgawanyo wa kazi uliodumu kwa vizazi kadhaa. Muungwana alizaliwa hivyo. Huru, ambaye wingi wake ulikuwa mahuru, alikuwa aghalabu mtu aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa. Vitenzi vinavyoandamana na neno hilo vinalithibitisha jambo hili: mtu huachwa huru, hupewa uhuru, huwekwa huru. Katika matumizi ya kawaida ya leo neno huru halinyambuliwi kuwa kitenzi kinachojitegemea, bali huhitaji kitenzi cha mtu mwingine atendaye. Kisarufi, huru ni mtendwa.

Na mtendwa huyo hakuachwa moja kwa moja. Sheria ya Kiislamu, iliyotawala mambo haya pwani, humhesabu mwachwa huru kuwa bado ana uhusiano wa walaa na aliyemwacha. Uhusiano huo hugusa urithi, na katika maisha ya kila siku ulimaanisha ulinzi kwa upande mmoja na utiifu kwa upande mwingine. Mtu aliweza kuwa huru kabisa mbele ya kadhi na bado asiwe muungwana mbele ya majirani. Kati ya hali hizo mbili palikuwa na ngazi nyingi: mzalia, suria, mtumwa wa mjini aliyekwenda kufanya kazi kwa ujira na kumgawia bwana wake sehemu ya malipo. Huyo wa mwisho aliitwa kibarua, kwa ile barua ndogo ya ajira, na jina lake limebaki katika lugha hadi leo likiwa limesahau lilikotoka.

Uzito wa neno muungwana unaonekana zaidi pale lilipodaiwa na wasioruhusiwa kulitumia. Katika misafara iliyoingia bara na hatimaye mashariki ya Kongo, wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Mbali na Unguja na Bagamoyo hapakuwa na mtu wa kuwaumbua. Lahaja waliyoieneza ikaitwa Kingwana. Ni nadra kwa lahaja kubeba jina la hadhi ambayo wasemaji wake wa mwanzo walinyimwa nyumbani.

3.0 Uhuru wa mahakamani

Tofauti hii ya maneno iligeuka kuwa suala la chakula na makazi tarehe 6 Aprili 1897, Sultani wa Zanzibar alipotia saini, kwa shinikizo la Waingereza, amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa tangu mkataba wa mwaka 1873. Sasa utumwa wenyewe ulinyimwa utambuzi wa mahakama. Lakini amri haikumfanya mtumwa yeyote kuwa huru siku hiyo. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuomba, na bwana wake alilipwa fidia. Masuria waliwekwa kando kwa hoja kwamba wao ni kama wake, na ilibidi wangoje hadi mwaka 1909.

Sharti lililofuata ndilo lenye somo kubwa kwa mada hii. Aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa kulipa kodi kama wengine, na alitakiwa kuonesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Ardhi ya mashamba ilikuwa ya mabwana. Nyumba ya mtumwa ilikuwa juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo mtu aliyetoka mahakamani na uhuru wake alikuwa na njia chache za kuuthibitisha, na iliyo karibu zaidi ilikuwa kurudi shambani kwa bwana yuleyule na kupatana naye kazi kwa siku kadhaa za juma ili abaki na kibanda chake. Sheria ilikuwa imemwondolea bwana. Haikumpa watu, wala mahali.

Ikisemwa kwa istilahi za Berlin, amri ya mwaka 1897 ilitoa uhuru wa kutoingiliwa bila kutoa uwezo wa kujitawala. Istilahi za pwani zinalieleza jambo hilo kwa usahihi zaidi: ilizalisha mahuru, haikuzalisha waungwana. Usahihi huo usichukuliwe kuwa ni sifa kwa uungwana. Hadhi ile ilisimama juu ya mabega ya wasiokuwa nayo, na wako waandishi wanaoitaja siku hizi kwa shauku kana kwamba ilikuwa demokrasia ya barazani. Haikuwa.

Upande wa Mombasa kuna kitabu kinachostahili kusomwa upya kwa jicho hili. James Mbotela, mtoto wa kijiji cha Freretown kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, alichapisha mwaka 1934 kitabu chake Uhuru wa Watumwa. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo jina la kitabu linaeleza hali ya neno uhuru katika miaka hiyo kwa uaminifu. Uhuru ni wa watumwa. Ni kitu kinachowahusu waliokuwa wamefungwa, na hutolewa na mkono wa nje, mkono wenye meli na bunduki. Lakini kinachowashughulisha wanakijiji baada ya kukombolewa ni mambo mengine: ndoa, shule, kanisa, kazi, namna ya kuishi na majirani waliokuwapo kabla yao. Kwa maneno mengine, wanatafuta uungwana wao kwa njia mpya.

Miaka 20 baadaye neno hilohilo lilikuwa limebadilika sana. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na kufikia Desemba 1961 uhuru lilikuwa neno la taifa zima. Waungwana na wajukuu wa watumwa walilitamka pamoja, na hapakuwa tena na aibu ndani yake, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa ametawaliwa. Haya ni mapinduzi ya kisemantiki ambayo hayajapewa uzito unaostahili. Neno la waachwa huru lilipanda hadi kilele cha Kilimanjaro, nalo neno la wenye nafasi, uungwana, likashuka hadi kuwa adabu tu: kumpisha mtu mlangoni, kutopiga kelele, kutimiza ahadi. Zanzibar mabadiliko hayo yalikuwa na uchungu zaidi, na hadi leo sikukuu inayoadhimishwa huko ni ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, si ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Swali la uhuru wa nani lilikuwa limeulizwa kwa mwezi mmoja tu kabla ya kujibiwa kwa silaha.

4.0 Huru na huria

Kiarabu kilileta pia neno la tatu, huria, linalotokana na nomino ya shina hilohilo. Kamusi hulieleza kwa ufupi, pengine kama kisawe cha huru. Matumizi yanakataa usawe huo. Kuna soko huria, elimu huria, mjadala huria, programu huria za kompyuta, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Lakini nchi ni huru, haiwi huria. Tume ya uchaguzi hudaiwa iwe huru. Tume huria ingekuwa kichekesho. Chuo kikuu huru, kwa upande wake, kingekuwa chuo kisichoingiliwa na serikali, jambo tofauti kabisa na chuo kinachompokea mwanafunzi popote alipo bila kumtaka ahudhurie darasani.

Kanuni inajitokeza bila kulazimishwa. Huru hukanusha bwana. Huria hukanusha uzio. Kinyume cha huru ni kile kilicho chini ya kingine, na wanaisimu wenyewe wameliweka hilo katika istilahi zao: mofimu huru hukabiliana na mofimu tegemezi, kishazi huru na kishazi tegemezi. Mofimu huru haina ruhusa ya kufanya itakavyo. Iko ndani ya sarufi kama mofimu nyingine zote. Uhuru wake ni kwamba yaweza kusimama peke yake na kuwa neno. Kinyume cha huria ni kile kilichozungushiwa masharti ya kuingia. Ndiyo maana huria huteleza kwa urahisi kuelekea holela. Tangu mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980, soko huria limesemwa kwa sifa na kwa kebehi kwa viwango vinavyokaribiana, na kebehi hiyo huangukia neno huria peke yake. Uhuru wa taifa haukuguswa nayo.

Mpaka kati ya maneno haya hauko wazi kila mahali. Mgombea asiye na chama huitwa mgombea binafsi nchini Tanzania, na Kenya husikika akiitwa mgombea huru. Istilahi ya Kenya inafuata kanuni iliyoelezwa hapa, kwani chama ndicho bwana anayekanushwa. Ile ya Tanzania inaacha kabisa suala la uhuru na kumhesabu mgombea huyo kama mtu aliye na shughuli yake mwenyewe. Uteuzi wa neno umebeba msimamo.

5.0 Yuko huru, anao uhuru

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ni matini muhimu kwa mtafiti wa semantiki kwa sababu iliandikwa kwa Kiswahili. Haki za msingi ziliingizwa ndani yake mwaka 1984, na ibara ya 18 kuhusu maoni ilifunguliwa kwa maneno yaliyotanguliza sheria za nchi, kisha ikatamka kwamba kila mtu yuko huru kuwa na maoni. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliondoa kitangulizi hicho. Jambo ambalo halijadiliwi sana ni kwamba yalibadili pia sarufi ya ibara: sasa kila mtu anao uhuru.

Yuko huru hueleza hali, na hali hiyo, kwa historia iliyoelezwa hapo juu, ni ya mtu aliyeachwa. Kitenzi cha mahali yuko huizidishia sura ya muda. Mtu yuko huru leo kama anavyokuwa yuko nyumbani. Anao uhuru hueleza miliki. Mwenye mali haachwi nayo na mtu. Isitoshe, waandishi wa ibara mpya waliweka neno uhuru na neno haki kwa zamu: uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra, uhuru wa kufanya mawasiliano na wa kutoingiliwa, lakini haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu. Panapotosha kuachwa, pameandikwa uhuru. Panapohitajika mtu mwingine atende jambo, pameandikwa haki. Mgawanyo huo haukufuatwa kikamilifu, maana haki ya kutafuta na kupokea habari ingeweza kuangukia upande wowote, ila mwelekeo uko wazi. Kile ambacho Kiingereza hujaribu kukitenga kwa maneno mawili ya uhuru, Kiswahili cha sheria hukitenga kwa uhuru na haki. Ibara ya 30, inayoweka mipaka kwa vyote viwili, imebaki mahali pake.

Nyerere alikuwa amekwisha kuliona pengo hilo mwaka 1968 katika waraka wake kuhusu uhuru na maendeleo, ambamo alitofautisha uhuru wa taifa, uhuru wa kuepukana na njaa, maradhi na umaskini, na uhuru wa mtu binafsi wa kuishi kwa heshima na usawa, kusema, na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Huo wa tatu, kwa jinsi alivyoueleza, una vipengele vya uungwana wa kale uliovuliwa nasaba: heshima, sauti, na nafasi katika kikao. Serikali yake ilikuwa na sheria ya kuwaweka watu kizuizini tangu mwaka 1962, na msomaji wa waraka huo hawezi kuisahau sheria hiyo.

6.0 Mfungwa na umbo la shairi

Fasihi ilitangulia kulisema jambo hili. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951 chini ya utawala wa kikoloni, Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Anasimama mbele ya mfalme siku sita akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa, wakafungwa. Mwisho yeye na wajumbe hao wanafunguliwa. Wasomaji wengi huutazama mwisho huo. Lakini kufunguliwa ni jambo la huru, yaani limetoka kwa mfalme. Lenye uzito zaidi ni zile siku sita: mshtakiwa anasikilizwa, waziri Majivuno anavumilia, baraza linakaa. Karama ana nafasi ya kusema kabla hajawa huru, na ni nafasi hiyo inayomfungua.

Abdilatif Abdalla hakuipata. Mwaka 1968, miaka mitano baada ya uhuru wa Kenya, aliandika waraka Kenya: Twendapi? akahukumiwa kwa uchochezi na kufungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ni mashairi ya vina na mizani, yenye ukali wa arudhi usiolegea. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyoachana na vina na mizani, na mgogoro ukazuka kuhusu kile kilichoitwa mashairi huru.

Jina hilo, kwa kanuni iliyoelezwa katika sehemu ya 4.0, halifai. Shairi la Kezilahabi halikuwa na bwana lililemkimbia. Lilikuwa limeruka uzio, kwa hiyo ni shairi huria, na wako waliolipendelea neno hilo. Wanajadi waliolishutumu walihisi tofauti hiyo bila kuitaja, kwani hoja yao kuu haikuwa kwamba mshairi ameasi, ila kwamba sasa yeyote anaweza kuingia ukumbini bila kuonesha kuwa anaujua ufundi. Hiyo ni hofu ya huria, si ya uhuru. Kwa Abdilatif arudhi haikuwa pingu. Pingu alikuwa nazo nyingine. Vina na mizani vilikuwa ndivyo vilivyomweka pamoja na washairi wa Mombasa na Lamu waliomtangulia, wakati dola huru ilikuwa imemtenga na watu wote.